Muda wa kujitunza nautoa wapi?

SWALI

Shikamoo daktari. Nina miaka 37, ni mtumishi katika wizara moja hapa Dodoma. Nilihama Dar es Salaam mwaka 2019 pamoja na ofisi. Mume wangu kazi yake ilibaki huko huko Dar, anakuja kila baada ya wiki mbili. Naishi Nkuhungu na watoto wawili, wa miaka 9 na 4, pamoja na binti anayenisaidia kazi za nyumbani. Naamka saa 10:30 alfajiri, nalisha kuku wangu 80 wa mayai, naandaa watoto, napanda daladala mbili hadi Mtumba. Narudi saa 12 jioni, siku nyingine saa 2 usiku. Nalala saa 6. Siku hizi kila ikifika Alhamisi kichwa kinauma, nimenenepa, na watoto wakinikosea kidogo tu nafoka, kisha naingia chumbani nalia. Kila ninayemweleza ananiambia "jipe muda, jipende". Naomba uniambie, muda huo nautoa wapi?

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale unaposema unafoka kisha unaingia chumbani unalia. Nakuomba usijihukumu kwa hilo. Chukua kalamu tupige hesabu kwanza.

Kulala saa 6 usiku na kuamka saa 10:30 ni saa 4 na nusu za usingizi. Mtu mzima anahitaji walau 7. Kila usiku, basi, mwili wako unakudai saa 2 na nusu. Ukianza kuhesabu Jumapili usiku, Alhamisi asubuhi unaamka na deni la saa 10. Wewe mwenyewe umeandika kwamba kichwa kinauma kila Alhamisi. Hukuandika kwa bahati mbaya, ndiyo siku deni linapokubana.

Deni hilo halikai kichwani peke yake. Mtu asiyelala vya kutosha, homoni inayoleta njaa hupanda na ile inayoleta shibe hushuka, ndiyo maana saa 4 asubuhi mkono unakwenda kwenye chapati ya pili na chai yenye sukari hata kama ulishakunywa chai nyumbani. Presha hupanda. Na ile sehemu ya ubongo inayotuzuia kusema neno kabla hatujalipima huchoka mapema kuliko nyingine. Mtoto wa miaka 4 anamwaga uji, na wewe breki huna. Ndivyo kufoka kunavyokuja.

Sasa, kabla sijakujibu habari ya muda, wiki hii nenda kapime. Wewe ni mtumishi wa umma, kadi ya bima unayo. Waombe wakupime presha, sukari kabla hujala, wingi wa damu, na umweleze daktari kuhusu uzito ulioongezeka ili aone kama kuna haja ya kupima tezi ya shingo. Kama unatumia njia ya uzazi wa mpango yenye homoni, mwambie pia, kwa sababu baadhi ya njia hizo zinahusiana na maumivu ya kichwa na presha. Ukipimwa presha, kaa kwanza dakika 5 umetulia, miguu yote miwili chini, usiongee, na usiwe umetoka kunywa chai au kahawa muda huo huo. Na siku yoyote kichwa kikikushika ghafla kwa ukali ambao hujawahi kuuona, au ukaona ukungu machoni, au upande mmoja wa mwili ukapata ganzi, usisubiri Jumatatu wala ruhusa ya ofisini. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Nasisitiza kupima kwa sababu yalinikuta. Kuna mwaka nilikuwa nawafunga watu mkanda wa presha kuanzia asubuhi hadi jioni, na kwa miezi minane sikuufunga mkono wangu hata mara moja. Nilikuwa naona nyota nikiinuka, nasema ni uchovu. Siku moja muuguzi niliyekuwa nafanya naye kazi alinishika mkono bila kuniuliza, akanikalisha kwenye kiti cha wagonjwa, akapima. Ilisoma 172 kwa 104. Nilikaa pale nikiitazama ile namba, na nilichokihisi ni huzuni, kwa sababu ningemwona mgonjwa mwingine yeyote ana dalili zile ningempima siku ya kwanza.

Turudi kwenye swali lako. Hujaniambia unafanya nini kati ya saa 4 usiku, watoto wakishalala, na saa 6. Nadhani najua. Wanawake wengi ninaowahudumia, nikiwauliza swali hilo, huinamisha macho kama waliofumaniwa. Wanatazama tamthilia kwenye simu, wanapitia picha za watu, au hawafanyi chochote. Mama mmoja nilimpa karatasi aandike siku yake ya jana saa kwa saa. Aliijaza pande zote mbili kwa mwandiko mdogo: pasi, daladala, kikao, dokezo, soko, jiko. Kwenye saa 4:30 usiku aliandika neno moja tu, "nakaa". Nikamuuliza, unakaa wapi? Akasema: "Jikoni, juu ya ndoo niliyoipindua, taa nimezima. Nakunywa chai iliyopoa. Sitaki mtu ajue niko macho."

Mama yule alikuwa anajitunza, kwa namna pekee aliyoachiwa. Saa ile jikoni ndiyo iliyokuwa yake peke yake, hakuna anayemwita mama, hakuna anayemwita afisa. Kosa ni kwamba aliilipia kwa usingizi, na usingizi ndiyo dawa aliyokuwa anaihitaji zaidi. Nashuku na wewe unafanya hivyo hivyo. Kwa hiyo sitakuambia "acha simu ulale", maana ukilala tu bila kupata saa yako mahali pengine, baada ya siku tano utakuwa umerudi kwenye ndoo. Tutaihamisha saa hiyo, tuitoe usiku wa manane tuilete jioni.

Unasema unapanda daladala mbili. Kutoka Mtumba hadi Nkuhungu ni kuuvuka mji mzima, na kwa vyovyote unashuka katikati ya mji kubadilisha gari. Hapo pana nusu saa yako. Siku unazotoka kazini kwa wakati, ukishuka usikimbilie gari la pili. Nenda Nyerere Square au Chinangali, kaa kwenye benchi, simu ndani ya mkoba. Jua la Dodoma linazama karibu saa 12 na nusu, na ile saa kabla ya giza ndiyo saa nzuri kuliko zote hapa kwetu: joto limeshuka, upepo ni mwepesi. Ukitaka kutembea, tembea. Ukitaka kukaa tu na kuwatazama wapita njia, kaa. Ukifika nyumbani saa 12 na nusu badala ya saa 12 ukiwa umepumua, watoto watampata mama. Anza na siku tatu kwa wiki. Yule mama wa jikoni alipata kibaraza cha jirani yake mzee, anakaa pale dakika 20 kabla ya kufungua geti lake.

Najua utakachojiambia: nusu saa kukaa kwenye benchi wakati nyumbani kuna kazi, huo si uvivu? Aibu hiyo tumelelewa nayo. Mwanamke akionekana amekaa, tunamtafutia mchele wa kuchambua. Lakini wewe bila shaka uko kwenye kikoba. Siku ya kikao mnafanya nini kwanza? Mnanunua hisa. Hamsubiri muone kama mwezi umebakiza kitu, kwa sababu mnajua mwezi haubakizi. Nusu saa yako inunue hivyo hivyo, mapema, kabla siku haijagawanywa.

Ukishaipata jioni, usiku utakuwa rahisi kuuachia. Usijaribu kuruka kutoka saa 6 hadi saa 4 kwa siku moja, utakesha ukitazama dari. Rudisha nusu saa kila wiki: wiki ya kwanza taa izimwe saa 5:30, ya pili saa 5, ya tatu saa 4:30, ya nne saa 4. Asubuhi nako tutafute nusu saa, uamke saa 11. Sare za shule zipigwe pasi zote Jumapili. Vyombo vya chakula vya kuku vijazwe jioni, asubuhi yabaki maji na kuokota mayai. Saa 4 hadi saa 11 ni saa 7 kamili.

Hao kuku nao tuwaongelee. Najua ni akiba, na mwanamke mwenye chanzo cha pili cha pesa namheshimu. Lakini kaa uandike: mayai yameingiza kiasi gani miezi mitatu iliyopita, chakula na dawa vimekula kiasi gani, kisha yapige saa unazowahudumia. Ukiona faida ni ndogo kuliko ulivyodhani, kuna njia isiyo na hasara. Kuku wa mayai wanaanza kutaga wakiwa na wiki 18 hadi 20 hivi, na wakipita wiki 72 hadi 80 utagaji unashuka sana na watu huwauza kwa nyama. Kundi hili likifika hapo, uza, na usiingize vifaranga kwa miezi sita. Banda halitakimbia. Kama faida ni nzuri, mlipe binti wako kitu cha juu ili awahudumie asubuhi, iwe ni makubaliano na siyo kumrundikia. Na yeye pia awe na siku yake nzima ya kupumzika kila wiki. Sheria inampa, nami nakuomba umpe hata kama hajaidai.

Sasa mume. Hapa nitasema wazi, unisamehe. Zamani mume aliyekuwa Dar alikuja kwa basi, kutwa nzima barabarani, zaidi ya kilomita 450, akafika amevunjika mgongo, ukaona aibu kumpa kazi. Tangu Julai 2024 treni ya SGR inafika Dodoma, na safari imekuwa ya saa chache tu, mtu ameketi. Anashuka akiwa mzima. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na huyu wala si mgeni, ni baba mwenye nyumba. Jumamosi anayokuwepo, asubuhi yote iwe yake na watoto: kuwaogesha, uji, kinyozi, soko. Wewe lala hadi mwili uamke wenyewe. Usimwandalie kila kitu kabla ya kulala, utakuwa umeifanya kazi ile ile mapema.

Kubwa kuliko Jumamosi, kuna kazi ambayo hukuiandika kwenye barua kwa sababu haina jina, nayo ni kazi ya kukumbuka. Umeme unakaribia kuisha. Gesi imebaki kidogo. Viatu vya mkubwa vinambana. Kikao cha wazazi ni lini, ada imebaki kiasi gani, chanjo, zawadi ya ubatizo wa mtoto wa jirani. Kazi hiyo unaifanya ukiwa kwenye daladala, ukiwa kwenye kikao, ukiwa kitandani. Ndiyo inayokufanya ulale bila kupumzika. Na sehemu kubwa yake mtu aliye Dar anaweza kuifanya kwa simu. LUKU inanunuliwa kwa simu, mtu akiwa popote. Ada inalipwa kwa simu. Mwalimu wa darasa anapigiwa simu. Muuzaji wa gesi mwenye bodaboda analipwa kutoka Dar, analeta Nkuhungu. Usimwambie mumeo "nisaidie", maana msaidizi husubiri kuagizwa, na kuagiza nako ni kazi. Mkabidhi vitu vitatu moja kwa moja: umeme na gesi, mambo ya shule, na kliniki za watoto. Viwe vyake, pamoja na kuvikumbuka. Mara ya kwanza umeme ukikatika, vumilia giza, usinunue wewe.

Ofisini nako pana la kufanya. Shirika la Afya Duniani, WHO, katika toleo la 11 la orodha ya kimataifa ya magonjwa lililoanza kutumika Januari 2022, limeieleza hali ya mtu kuishiwa nguvu kwa sababu ya kazi. Hawakuiita ugonjwa. Wameiita hali inayotokana na msongo wa kazini uliodumu bila kudhibitiwa, na alama zake ni tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi au kuichukia, na mtu kuona hafanyi tena kazi yake vizuri. Nalitaja hili ili ujue kwamba sehemu ya mzigo iko kwenye kazi yenyewe, na huko lazima useme. Zungumza na msimamizi wako kwa adabu: "Bosi, baada ya saa 3 usiku kundi la ofisi naliweka kimya. Likiwepo la dharura nipigie, nitapokea." Wakuu wengi hukubali, kwa sababu wanaotuma ujumbe saa 4 usiku mara nyingi wanautoa tu kichwani wasisahau, hawakutegemea jibu usiku ule. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inataka mtu akifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo apate saa moja ya kupumzika. Itumie kula, ukiwa mbali na kompyuta.

Kuna msimu mmoja ambao sitakudanganya. Aprili hadi Juni, Bunge la bajeti likiwa limekaa, wengi wenu mnatoka ofisini usiku, na mwisho wa Juni mwaka wa fedha unafungwa. Kipindi hicho usijiwekee mipango ya benchi wala matembezi kisha ujilaumu kwa kuivunja. Linda vitu viwili tu, usingizi usiopungua saa 6 na siku moja ya wiki isiyo na ofisi. Halafu omba mapema siku za likizo zianzie Julai. Una siku 28 kwa mwaka. Watumishi wengi huzitumia kusimamia ujenzi au kulima, wakarudi kazini wamekonda. Zipe ujenzi siku zake ukipenda, lakini siku saba za kwanza zisiwe na fundi, wala safari, wala mgeni.

Shughuli za watu: msiba nenda, siwezi kukuambia usiende, na sitaki. Harusi ni jambo jingine. Kamati ya harusi inakula Jumapili nane. Sema hivi: "Mwaka huu nitachanga, ila kamati nawaachia ninyi." Toa mchango wako mapema, hakuna atakayekununia.

Maji. Dar jasho linakulowesha mgongo, unakumbuka kunywa. Hapa hewa ni kavu, na upepo unalikausha jasho kabla hujaliona, kwa hiyo watu waliohamia kutoka pwani wanapungukiwa maji bila kujua, kichwa kinauma, wanameza panadoli. Nenda na chupa ya lita moja, iishe kabla ya saa 7 mchana, uijaze tena. Chakula sitakusumbua nacho sana leo. Ukilala vizuri hamu ya sukari itapungua yenyewe. Ila siku za kuchelewa, mlenda mkavu wa Wagogo wenye karanga unaiva haraka kuliko wali na nyama, na watoto wakiuzoea wanaupenda. Mazoezi vivyo hivyo: lengo ni dakika 150 za kutembea kwa haraka kwa wiki, nawe kati ya vituo vya daladala huenda tayari unapata nusu yake.

Jambo moja nimeliacha hadi hapa, nalo silichukulii kirahisi. Unalia peke yako. Kama kilio hicho kinakuja karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, kama vitu ulivyokuwa unavipenda havina ladha tena, kama unaona heri usingekuwepo, hapo benchi na usingizi havitatosha. Mtafute mtaalamu wa afya ya akili. Hapa Dodoma watu wanalisikia jina la Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, wanaogopa, wanadhani ukienda tu unalazwa na jina linaharibika. Wengi wanaoonana na wataalamu hawa huja asubuhi, huzungumza, hupewa tarehe, na mchana wako kazini. Wazo la kujidhuru likikujia, usikae nalo hata usiku mmoja. Mwambie mtu wa karibu akupeleke hospitali.

Ijumaa mume wako akifika, watoto wakilala, kaeni na karatasi. Andika upande mmoja kila unachokikumbuka wewe kwa niaba ya nyumba nzima, usikatishe hadi kiishe. Mpe asome kimya, kisha achague vile vitatu. Presha nayo ipime mara tatu katika siku tofauti ndani ya wiki mbili, uandike namba na tarehe kwenye daftari. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi na inajirudia, daftari hilo lipeleke kliniki, daktari atataka kuuona mfululizo huo kabla ya kuamua kukuanzishia dawa.